Niliambiwa nitafute injini nyingine, kumbe ni ufa wa sailensa uliokuwa ukimlevya mke wangu

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini hili limenikaa rohoni. Wallahi siongezi chumvi. Hata pale nilipokuwa mjinga nitasema.

Niko Likoni. Nimestaafu kazi ya bandarini, nilikuwa dereva wa forklift miaka mingi. Nilipostaafu nikatimiza tamaa ya ujanani, nikanunua sports car. Nyekundu, milango miwili, manual, imekaa chini hadi matuta ya mtaani kwetu nayapita kwa ubavu kama kaa.

Msinicheke. Watoto wangu wameshamaliza kazi hiyo.

Mke wangu, Mama Fatma, hakunicheka. Siku ya kwanza alivaa buibui jipya tukazunguka mpaka ufukweni Shelly. Ila baada ya miezi kadhaa akaanza: "Baba Fatma, gari hili laniumiza kichwa."

Nikadhani ni kwa sababu viti viko chini. Nikamnunulia mto.

Akalalamika tena. Hapo nikaona mwenzangu halipendi gari hili, basi tu. Nikanuna.

Wakati huohuo gari nalo likaanza sauti. Asubuhi nikiwasha likiwa baridi, nasikia puf-puf-puf. Likipata moto, sauti yapungua. Nikalipeleka kwa fundi wangu wa siku zote. Akafungua boneti, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Mzee, injini imekwisha. Tafuta nyingine."

Nikaenda kwa wa pili, naye akasema hivyohivyo. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama chini ya gari. Nami nisemeje? Nikaanza kuulizia injini.

Sasa sikilizeni.

Ijumaa moja tulikuwa tunakwenda kwa mdogo wake, Kisauni. Mvua kubwa, foleni ya feri haisogei. Tumefunga vioo vyote, injini inanguruma ili tupate AC.

Mama Fatma akanyamaza. Wanaomjua wanajua, akinyamaza kuna jambo. Nikamwita.

"Abee," akaitika, lakini kwa sauti ya mtu aliye usingizini.

Akafungua mlango ashuke apate hewa. Miguu ikamkatika, akaanguka pale kwenye maji ya mvua.

Nikaruka nimshike, na mimi dunia ikanizunguka. Mama mmoja muuza mahamri ndiye aliyetuvuta wote wawili chini ya kibanda chake, akampepea mwenzangu kwa kifuniko cha ndoo. Watu wakazima gari na kulisukuma kando, wakatutafutia tuktuk mpaka hospitali.

Pressure ikapimwa, sawa. Sukari sawa. Daktari akamuuliza kichwa humuuma akiwa mahali gani.

"Nyumbani siumwi," akasema. "Kwa wanangu siumwi. Nikiingia gari la huyu bwana tu. Nimemwambia mara ngapi, akanunua mto."

Daktari akanigeukia. "Mzee, bomba la moshi la gari lako ulilitazama lini?"

Akamwekea oksijeni huku akinieleza. Moshi wa gari una hewa ya sumu, carbon monoxide, ambayo haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, kizunguzungu, kisha hulala asiamke.

Nilitoka nje nikalia, wakuu. Mzee mzima. Nilikuwa namnywesha mke wangu sumu, na akinieleza namnunia.

Alhamdulillah, jioni ile aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Asubuhi yake nikalifuata gari, nikalirudisha nyumbani vioo wazi, ila sikwenda kwa fundi yeyote. Nikapiga jeki, nikaweka vigingi vya chuma na magogo ya kulishikilia gari, nikajiingiza chini mwenyewe. Kule bandarini tulikuwa tukitafuta panapovuja hewa kwa maji ya sabuni. Nikaazima kwa jirani mashine ya kufyonza vumbi, ile ambayo pia hupuliza. Nikaingiza mpira wake kwenye mdomo wa bomba, nikaziba pembeni kwa matambara mabichi, nikawasha ipulize ndani. Injini imezimwa, tena imepoa. Msijaribu na injini inayonguruma.

Kisha nikaanza kupaka sabuni kutoka mbele. Maungio ya injini, kimya. Bomba la kati, kimya.

Nikafika kwenye sailensa, lile pipa la chuma la mwisho linalopunguza kelele. Upande wa chini, safi. Nikapitisha mkono upande wa juu, unaotazamana na sakafu ya gari, mahali ambapo jicho halifiki.

Povu likachemka kama maziwa.

"Povu! Povu!" nikapiga ukelele.

Mama Fatma akatoka mbio, akidhani gari limenilalia. "Povu la nini, Baba Fatma? Toka huko chini!"

Nikapiga picha kwa simu, nikamwonyesha. Ufa wa urefu wa kidole, masizi meusi yametapakaa kando yake. Akaitazama picha.

"Basi mimi sikuwa mwongo."

"Hukuwa mwongo. Nisamehe."

Akaniletea maji ya kunawa.

Rafiki yangu wa bandarini akanielekeza kwa Akinyi, mchomeleaji wa Changamwe anayetengeneza mabomba ya malori. Ni mtu wa Kisumu, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha bara, lakini akili yake, mashallah. Nilipitia barabara ya Dongo Kundu peke yangu, vioo vyote wazi, upepo unanipiga masikio.

Nikamwonyesha ufa, nikamwambia achomelee tu.

"Mzee, ngoja kwanza. Hii rubber ilikatika lini?"

Akanionyesha mpira unaoning'iniza sailensa. Mmoja umekatika. Basi kila tuta, sailensa inaruka na kujipiga, mpaka ikapasuka. Akichomelea bila kubadilisha mpira, ingepasuka tena.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Na moshi iliingia ndani aje?"

Akafungua buti, akatoa gurudumu la akiba, akainua zulia. Kulikuwa na tundu la mviringo sakafuni, kizibo chake hakipo, juu ya ule ufa kabisa.

"Hii ndio mlango yake," akasema.

Akaishusha sailensa, akaisugua mpaka chuma kikang'aa. Akatoboa vitundu vidogo kwenye ncha mbili za ufa ili usiendelee kutembea, akauchomelea, akaongeza kiraka juu. Mipira akaweka mipya yote, na lile tundu la buti akaliziba. Tukarudia sabuni na kupuliza.

Hakuna povu hata moja.

"Umeona? Sasa washa."

Nikawasha. Wakuu, ile sauti! Nzito, tulivu, imeshiba. Akinyi mwenyewe akacheka, akaniambia hiyo injini ina miaka mingi bado.

Nikapita kwa yule fundi wa kwanza. Akauliza, "Hii injini mpya umeipata wapi?"

"Ni ileile."

Akaingia chini ya gari mwenyewe safari hii. Alipotoka aliniomba nimfundishe ile mbinu ya sabuni. Nikamfundisha, sikuwa na hasira tena.

Kabla ya kumpandisha Mama Fatma nilinunua kile kifaa kidogo kinachopima hiyo hewa ya sumu. Nikaendesha nacho siku mbili nimefunga vioo. Kikasoma sifuri. Ndipo nikamwomba twende Ukunda. Alikubali shingo upande, akakaa na mkono kwenye kitasa cha mlango.

Tulipofika Waa akauachia mlango. Tulipofika Ukunda nikamuuliza, "Kichwa vipi?"

"Kizima," akasema. "Ila barabara hii nyeupe hivi, mbona wenda kama wabeba mayai? Hebu kanyaga."

Nikakanyaga, wakuu. Nikakanyaga huku nacheka peke yangu kama mwehu.

Nilichojifunza ni kwamba mtu wako akikwambia gari linamuumiza, muamini kwanza, kisha uiname ukatazame. Wenye magari yanayotoa puf-puf asubuhi, au aliyewahi kupatwa na kizunguzungu garini, hebu semeni hapa chini. Na kama kuna fundi humu mwenye la kunikosoa, uwanja ni wako.