Somo Ambalo Zuhura Alikataa Kulifuta

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na uliponipigia simu juzi kuniuliza uchague kozi zipi mwaka wa pili, ndiyo iliyonijia. Unataka baadaye usome shahada ya uzamili ya hisabati za fedha, ile kazi ya kupima kwa hesabu bei na hatari za uwekezaji. Basi tulia, shangazi yako nikusimulie habari za Zuhura.

Zuhura tulikaa naye chumba kimoja chuo kikuu. Mimi wa Zinga, yeye wa Fukayosi, baba yake mwalimu wa madrasa. Alikuwa anautaka uzamili huohuo unaoutaka wewe. Wengi wetu tulijaza kozi zenye neno fedha kwenye jina; zilipendeza hata kuzitaja nyumbani. Yeye akachukua mbili tu za namna hiyo. Kwingine kote akajaza hesabu tupu, pamoja na lile somo la kuthibitisha kila kanuni tangu mwanzo, ambalo hata wavulana wenye maneno mengi walilikimbia. Tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mdomo wangu unaujua.

Jaribio la kwanza la somo lile akaanguka vibaya. Wastani wake ukishuka, uzamili ndio basi tena. Siku ya mwisho ya kubadilisha kozi ilikuwa kesho yake.

"Zuhura, lifute," nikambembeleza. "Alama zitaharibika, halafu nani atakupokea?"

Alikuwa analia, na roho iliniuma. Akajifuta machozi kwa pembe ya kanga, akaniambia, "Shoga, wewe umesoma madrasa. Unawakumbuka wale waliokariri juzuu kwa kusikia tu?"

Nani asiyewakumbuka? Wanasoma kwa sauti tamu huku wakiyumba, lakini mwalimu akiweka kidole katikati ya ukurasa na kusema anza hapa, kimya. Herufi hawazijui.

"Basi mimi hizi fomula za fedha ninazijua hivyohivyo," akasema. "Huko ninakotaka kwenda wataniambia nianzie katikati. Afadhali nipate alama ndogo lakini niwe najua kusoma."

Hakulifuta. Akawa anamfuata mhadhiri ofisini, anakaa na wanafunzi wa hisabati waliomzidi, anauliza maswali ambayo mimi ningeona haya kuyauliza. Mwisho wa muhula alifaulu, si kwa alama za kutangazwa mtaani, lakini alifaulu. Nilimheshimu tangu hapo, na namheshimu hadi leo.

Kwenye usaili wa uzamili walimpa fomula moja ambayo sisi tuliitiririsha bila hata kufikiri. Kisha wakabadilisha sharti lake moja na kumuuliza, sasa itakuwaje? Aliponisimulia alikuwa anacheka: "Shoga, nilijua pa kuanzia." Wakampokea.

Kwa hiyo, mwanangu, usichague kozi kwa uzuri wa jina. Kalkulasi imalize yote, aljebra usiikwepe, nadharia ya uwezekano na takwimu zisome mpaka zikuzoee. Kuandika programu za kompyuta jifunze kwa mikono yako, si kwa kuchungulia kwa mwenzio. Za fedha chukua chache, ujue watu wanazungumzia nini. Zilizobaki watakufundisha hukohuko kwenye uzamili. Ila magumu yote usiyarundike muhula mmoja, wewe si punda. Na ukianguka jaribio, lia kwanza, kisha nawa uso uende kwa mwalimu.

Mwenyezi Mungu akukunjulie kifua, akupe walimu wenye subira, na akujaalie rafiki wa chumba mwenye ushauri bora kuliko niliompa Zuhura. Amin.