Sima ya Sabuni

Kuna harufu moja ambayo nikiipata, hata niwe na furaha namna gani, nyongo hunipanda. Ni ya sabuni ya mche, ile ya manjano ya kufulia, ambayo muuzaji huikata vipande kwa waya. Wenzangu wakiinusa huwaza nguo safi kwenye kamba. Mimi nikiinusa, mdomo wote hujaa ladha ya sima. Msinicheke. Utotoni nimekula sima ya sabuni miezi na miezi, na walionilisha nawajua kwa majina.

Kwetu ni Jilore. Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja Mtwapa, na nyumbani alikuja kwa nadra. Mama alibaki nasi watoto, mimi Dama nikiwa mkubwa wao. Kila mwisho wa mwezi Baba alituma hela za chakula kwa simu. Simu Mama alikuwa nayo, kadogo kenye tochi, na kila usiku alilala nako chini ya mto. Lakini hela hazikuingia humo. Zilikwenda kwa Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliyekaa ng'ambo ya barabara, kwa sababu katika ukoo wetu mume akiwa mbali, kaka yake ndiye msimamizi wa nyumba yake. Baba Mkubwa alikuwa na usemi wake: "Hela ya mwanamume aliye safarini haishikwi na mwanamke." Akiusema hujikuna kitambi polepole, utadhani ameusoma kwenye Biblia.

Basi yeye ndiye aliyetununulia chakula. Hebu fikirini! Mtu ambaye maishani mwake hajapata kuinjika hata chungu cha maji, ndiye aamue nyumba nzima itakula nini mwezi mzima. Alileta majani ya chai ya kutosha harusi, chumvi kasahau. Alileta chupa ya achari ambayo hakuna aliyeiomba, na mafuta ya kupikia kidogo hivi, ya kukaangia kitunguu kimoja. Mchele ukija mwezi huu, mwezi ujao hauji, ati tulishakula. Na ile sabuni, jamani, ile sabuni! Unga alinunua wa kinu, wa kupimiwa, akautia kwenye gunia dogo, kisha akauchomeka mche wa sabuni katikati ya unga wenyewe, ili usidondoke njiani kwenye bodaboda. Na gunia likilala kwake siku mbili tatu kabla ya kuletwa, unga unakuwa umeshavuta harufu yote.

Mama alimwambia kwa adabu zote, "Shemeji, sabuni naomba uitenge na unga." Akajibu, "Haya, Mama Dama, nimesikia." Mwezi uliofuata mche uko pale pale, umezama kwenye unga, kichwa tu chaonekana.

Mama aliuanika ule unga juani, akauchekecha, akauchanganya na unga wa muhogo. Wapi! Mdogo wangu Kahindi alikuwa akila matonge mawili halafu anapuliza mdomo, "Mama, ngoja nitoe povu." Tukicheka sisi, Mama naye akicheka kidogo, kisha anainuka anakwenda nyuma ya nyumba na kukaa huko kitambo.

Lakini lililoniunguza zaidi, nikilikumbuka leo, si sabuni. Ni vile Baba Mkubwa alivyolileta lile gunia. Alisimamisha bodaboda kila mlango. "Nawapelekea watoto wa ndugu yangu chakula," anasema, tena kwa sauti. Watu wakaamini kwamba anatulisha kwa jasho lake. Kanisani akaombewa baraka kwa moyo wake wa kutoa, na Mama amekaa pale kwenye benchi, kainamisha kichwa, aitikia amina. Amina ya nini? Jasho lilikuwa la mumewe, mbele ya majiko ya Mtwapa! Mimi mtoto nami nilimpokea Baba Mkubwa mbio, shikamoo yangu ikitangulia, kwa sababu nilijua kwenye gunia hakukosi biskuti.

Mama alitaka jambo moja tu: hela zile zije mkononi mwake. Alijua mahindi wakati wa mavuno huwa rahisi, na kwamba akinunua pishi za kutosha akaziweka darini juu ya moto, moshi ungefukuza fukusi wanaotoboa mahindi na nyumba isingenunua unga hadi mvua za pili. Alijua jirani gani ana kunde na anataka nazi. Alijua mtoto yupi hali nini. Nilimsikia akimwambia Baba kwenye simu, akisimama pale kwenye mkorosho ambapo mtandao hushika, "Jaribu mwezi mmoja tu, Baba Dama. Nikishindwa, rudisha kwa kaka yako." Na Baba kila mara alisema atazungumza naye.

Desemba Baba akaja likizo. Kila alipokuja, Mama alikuwa akiazima unga safi kwa jirani, ili mumewe asile vile tulivyokula sisi. Safari hii nilishika bakuli nikaanza kwenda, akaniita. "Rudi. Leo tunapika tulicholetewa."

Akasonga sima yenyewe, mboga ikiwa kunde za nazi, na kwa kuwa ni siku ya kumpokea Baba, Baba Mkubwa alialikwa, na wazee wawili wa kanisa pamoja naye. Nikawanawisha mikono. Mama akasimama mlangoni na kitambaa begani. Hakuwa na kawaida ya kusimama pale watu wakila.

Baba akakata tonge, akalichovya, akalitia mdomoni. Nilikuwa namtazama yeye. Taya zikasimama. Huyu ni mtu ambaye samaki akiwa wa jana alimjua kabla hajafunguliwa kwenye karatasi. Akainua macho, akamtazama Mama, na Mama akamtazama yeye, hakuyaondoa macho.

Aliyesema kwanza ni Baba Mkubwa. "Mama Dama," akasema, mdomo umejaa, "sufuria zako huzisuuzi? Hii sima yanuka sabuni." Wale wazee wakacheka.

"Si sufuria, shemeji," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Ni unga. Ulikuja na sabuni ndani."

Wote wakamgeukia Baba, maana ni nyumba yake na unga ni wa hela zake. Baba akameza. Akakata tonge jingine, kubwa kuliko la kwanza.

"Mama Dama," akasema, "siku nyingine suuza vizuri. Tuleteeni maji ya kunywa."

Aliyekuwa ameziosha sufuria siku ile ni mimi. Nikaamini kosa ni langu. Mpishi mzima wa hoteli amesema, nani mimi nibishe? Nikatoka na sufuria zote nikazisugua kwa mchanga na jivu mpaka vidole vikachubuka, huku nalia, najiona nimemwaibisha Mama mbele ya wageni. Mama akanikuta, akaninyang'anya ile sufuria. "Wewe hujakosa," akasema. Nikadhani ananibembeleza tu.

Hela ziliendelea kwenda ng'ambo ya barabara. Januari Mama akaweka karai kando ya njia, akaanza kukaanga bhajia na viazi vya kuuza, na unga tukala wa kununua kwa hela ya bhajia. Watu wakamsifu, mama hodari huyu, hatulii. Nami nikajivuna.

Mwaka jana, Baba akiwa ameshastaafu, nilikwenda kuwatembelea na mzigo wa dukani. Nilikuwa naupanga mezani ovyo ovyo, Baba akaja haraka na fimbo yake. "Toa hiyo sabuni hapo! Unga huvuta harufu, hata mtoto wa jikoni anajua."

Nikaitoa ile sabuni, nikabaki nayo mkononi. "Baba," nikamwambia, "kumbe siku ile ulijua?"

Hakuuliza siku gani. "Yule ni kaka yangu, Dama. Ningemwaibisha mbele ya wazee?"

"Ukamwaibisha Mama!"

"Mama yako ni wa nyumbani," akasema. "Wa nyumbani huelewa."

Haki ya Mungu nilitamani kuirusha ile sabuni ukutani. Nilimfuata Mama jikoni, nikamwambia alivyosema Baba. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua mchicha.

"Nilijua kwamba anajua," akasema. "Ndiyo maana niliipika ile sima. Nilitaka aseme neno moja tu, mbele yao. Aliponiambia nikasuuze, nikaona basi."

"Basi nini?"

"Basi tu. Wewe umekulia humu ndani. Tangu siku ile ushanisikia nikimwomba babako kitu chochote?"

Nikakaa kwenye kibago, nikaanza kutafuta. Chumvi, nauli, dawa ya Kahindi alipougua, kiatu changu cha shule. Nikapita mwaka mmoja hadi mwingine, na sikupata hata mara moja.