Ndoo ya Kwanza

Siku za zamu yangu nilianza na shingo. Kucha zinaweza kudanganya, maana mtoto akizing'ata njiani zinafupika, lakini shingo haidanganyi. Nilipita nyuma ya watoto pale mstarini na fimbo yangu ya mkorosho, nikiinua kola moja baada ya nyingine, na niliyemkuta na vumbi la jana nilimtoa mbele za wenzake nikamwambia arudi nyumbani akaoge. Sikuwa na utani. Wanafunzi walikuwa wamenipa jina kwa Kimakonde, na sikuthubutu kuuliza maana yake.

Mimi ni mtoto wa Lulindi, kule chini Masasi. Nilikulia ua mmoja na kanisa, kisima kikiwa hatua chache kutoka jikoni kwetu. Serikali ikanipeleka juu ya uwanda, upande wa Newala, njia ya kwenda Makote, mahali ambapo maji yako bondeni na watu wanaishi juu. Ukitaka kunywa unashuka mteremko, ukishachota unaupanda tena na ndoo kichwani. Wenye nyumba za bati walikinga mvua kwenye matangi ya saruji, na kiangazi kikiingia waliyatia kufuli. Wenye nyumba za nyasi walishuka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Wenyeji waliniambia kwamba wakati wa uhaba mashine ya kupandisha maji ilinguruma karibu kila siku, ila sabuni ulipanga foleni upate kipande. Sasa duka lilikuwa na sabuni za kila rangi, za kunukia waridi na za kunukia limau, na pembeni yake mitumba na redio. Iliyonyamaza ni mashine, kwa sababu dizeli ilitakiwa kijiji kijichangie chenyewe. Sabuni tele, maji hakuna. Nilikuwa nikipita pale dukani nacheka peke yangu, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Nilikuwa nimeomba uhamisho mara tatu. Mara ya nne mwalimu mkuu aliniingiza ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba safari iliyopita mkaguzi aliandika elimu ya afya shuleni kwetu ni duni, na hasa darasa la nne, yaani darasa langu.

"Akirudi akakuta mambo yamenyooka," alisema, "barua yako nitaisukuma mwenyewe, mama."

Kuanzia siku hiyo nilinasa. Njia yangu ya kurudi Lulindi ilipita kwenye shingo za watoto wa watu.

Agizo lilikuwa afya ifundishwe ndani ya kila somo. Kwenye Kiswahili tulisoma habari za nzi. Kwenye sayansi niliandika ubaoni "nawa mikono kwa maji yanayotiririka," darasa zima likaangua kicheko, kwa vile maji pekee waliyoyaona yakitiririka ni yale yanayovuja kwenye ndoo mbovu. Kwenye hesabu nikawauliza: mtu mmoja anaoga lita kumi asubuhi na lita kumi jioni, je, nyumba ya watu sita itatumia lita ngapi kwa siku?

Msichana mmoja wa dawati la mbele alijibu kabla sijaweka chaki chini. Lita mia na ishirini. Huyo ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote darasani, na nilimpenda kwa hilo. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Mwalimu, hizo ni ndoo sita. Nani anachota?"

Nikamwambia akae.

Ni huyohuyo niliyemtoa mstarini mara tatu ndani ya wiki mbili. Siku nyingine alikuja amejifuta vizuri tu, lakini siku hizo tatu alifika anahema, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini, jasho limechora mistari shingoni. Nilimrudisha. Mara ya tatu nilimwambia, watoto wote wakisikia, asikanyage shule mpaka ajifunze kuoga. Akaondoka hakurudi. Wiki ikapita, dawati la mbele likawa wazi, na mtihani wa darasa la nne ulikuwa unakaribia. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia na mama yake.

Nikaenda kwao. Nyumba ya nyasi, uwanja umefagiwa vizuri, mama mtu anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa."

Kabla sijasema lolote akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Nikayanywa yote, kisha nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Yuko bondeni. Si umesema asije bila kuoga? Jogoo la kwanza tunashuka naye. Tukipanda, anatua ndoo anakimbilia kwako. Ukimrudisha akaoge, ashuke tena. Akipanda mara ya pili jua liko utosini, shule imekwisha. Akija shule, hajaoga. Akioga, hajaja shule. Sasa wewe ndiye uliyesoma, mwalimu. Niambie aanzie wapi."

Nilisema kitu cha kijinga. Nilisema anaweza kutenga maji kidogo tu katika yale ya asubuhi.

"Tunashuka wawili, tunapanda na ndoo mbili," alisema, bado anamenya. "Siku ya zamu yetu, ndoo ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya kupikia na kunywa. Hiyo ya tatu, ya kuogea, hatujawahi kuifikia."

Niseme ukweli. Nilijua kijiji kimenipangia nyumba za kuniletea maji kwa zamu, kwa sababu pale mwalimu hachoti. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema, lakini mimi nilikuwa na miaka mitano pale na jembe sijapewa. Nikitoka shuleni nilikuta ndoo imejaa mlangoni, majani yanaelea juu ili maji yasimwagike, na sikuwahi kuuliza aliyeileta. Nilioga asubuhi na jioni kama andalio langu la somo lilivyosema. Siku tatu nilizomrudisha mtoto yule zilikuwa siku za zamu yao ya kuniletea maji. Lile vumbi la magotini lilitoka kwenye maji yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikamwambia asiniletee tena. Akaacha kumenya.

"Mkaguzi aje amkute mwalimu wetu ananuka jasho? Tusemwe sisi?"

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Naye akatikisa kichwa: nikikataa mimi, wenzangu wataonekanaje? Kwa hiyo ndoo ziliendelea kuja. Nilichoweza ni kuacha kuinua kola, na kumwita mtoto arudi. Akarudi, akakaa dawati lake la mbele, na hakunionyesha kinyongo, jambo lililoniuma zaidi.

Mkaguzi alifika mwezi uliofuata. Alisimama mbele ya darasa akauliza mtoto safi anaoga mara ngapi kwa siku. Mikono ikapanda, akamchagua yeye. Msichana akasimama, akanitazama mimi kwanza.

"Mara mbili, asubuhi na jioni, kwa maji safi na sabuni."

"Vizuri sana. Na wewe leo umeoga?"

Ilikuwa siku ya zamu yao ya kuniletea maji. Nilimwona akisogeza miguu nyuma, chini ya dawati, pasipoonekana.

"Ndiyo, mwalimu," alisema.

Mkaguzi akaandika. Nami nikabaki nimesimama na chaki yangu, nikijua kwamba hilo ndilo somo la afya lililomwingia mtoto yule sawasawa, na aliyelifundisha ni mimi.

Barua ya uhamisho ikaja. Nilipata nafasi kwenye lori la wanunuzi wa korosho lililokuwa linashuka Masasi. Asubuhi ya kuondoka nikafungua mlango, nikamkuta yule msichana amesimama na ndoo kichwani, majani juu ya maji.

"Mama amesema msafiri haondoki bila kuoga."

"Leo si siku ya shule?"

"Ni siku ya shule, mwalimu."

Kuyakataa lilikuwa tusi kwa mama yake. Kuyapokea ulikuwa wizi. Dereva alikuwa anapiga honi. Nikaipokea ndoo, nikaingia bafuni, nikaoga maji yote.

Nilipotoka alikuwa ameketi kizingitini anasubiri ndoo yake. Akainuka, akazunguka nyuma yangu taratibu, akanitazama shingo.

"Safi, mwalimu," alisema, akajitwika ndoo tupu akashika njia ya bondeni.