Mtungi Niliouosha kwa Sabuni

Jumatatu ya kwanza baada ya arobaini ya mke wangu, nilipoteza harufu ya maji yake. Niliipoteza mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa sabuni ya unga.

Mke wangu alikuwa mtu wa pwani. Nyumbani kwetu Mbagala hatukuwa na friji. Tulikuwa na mtungi wake wa udongo, umekaa juu ya mchanga mbichi kwenye kona ya ukumbi, na maji yake yalikuwa baridi na yakinukia ubani. Mie mtu wa bara. Miaka yote niliyanywa bila kuuliza ubani unaingiaje humo. Siku hiyo niliona utelezi ndani, nikamwonea aibu marehemu, nikausugua kwa povu jingi. Udongo nao hunywa. Kesho yake nilikunywa maji yenye ladha ya shati.

Binti yetu alipokuja akaonja, akaenda kutema uani.

"Baba, unakunywa nguo?"

"Itatoka."

"Jumamosi naleta friji. Nikikuta bado ni sabuni, huo mtungi naupandia maua."

Nikausuuza na kuuanika juani siku tatu. Ijumaa nikakumbuka kwamba mke wangu alikuwa akiufukiza: anatia makaa kwenye chetezo, anadondosha ubani juu yake, kisha anaufunika moshi kwa mtungi, mdomo chini. Kiasi cha ubani sikukijua. Nilitia pakiti nzima. Nikafunga na madirisha, moshi usipotee.

Haukupotea. Ulipita chini ya mlango ukaenda mtaani. Huku kwetu ubani mwingi hivyo siku ya Ijumaa una maana moja: kuna hitma ya kumsomea marehemu, na baada ya kusoma kuna pilau. Nilipofungua mlango nipumue, wazee watatu walikuwa wameshavua viatu barazani. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka aliokuja nao.

"Shemeji, hitma unatuficha?"

"Si hitma. Nafukiza mtungi."

Wakatazamana.

"Na pilau je?"

"Hakuna. Niliuosha kwa sabuni."

"Wali?"

"Mtungi."

Jirani akafikiri kidogo. "Basi tumeshakaa," akasema, na wakamwombea mke wangu dua, wakikohoa kila baada ya maneno machache. Niliwapa mihogo ya kuchemsha. Mmoja aliila huku akichungulia jikoni, bado ana matumaini.

Jumamosi friji ikaja kwa bajaji ya mizigo. Binti yangu hakuishughulikia kwanza. Alichukua kata ya kifuu cha nazi, akachota, akanywa. Nilisimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Moshi mtupu, Baba. Kama nalamba jiko."

"Na sabuni?"

Akachota tena, akanywa polepole, macho kafumba.

"Ipo, kwa mbali. Mama alikuwa anatia punje mbili tu."

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza."

Akamwambia dereva aiweke friji jikoni, mbali na mtungi. Dereva alipomaliza akaomba maji, binti akamchotea ya mtungini. Akanywa, akafuta mdomo, akaniuliza kwa sauti ya chini hitma inaanza saa ngapi.