Ngumi za Mume Wangu

Nilimchukia kocha wa mume wangu kabla sijajua mume wangu anaumwa nini. Nilipojua, nilimchukia vizuri zaidi.

Mume wangu alipigana ngumi za kulipwa kwa miaka mingi, Mwanza, Dar es Salaam, hata Kenya. Aliporudi kijijini kwetu Busawe kufuga alikuwa mzima, au tulidhani hivyo. Kisha akaanza kuuliza jambo moja asubuhi nzima. Hasira zikawa karibu. Wakwe zangu wakasema amerogwa. Tukachinja mbuzi, na kanisani tukaombewa vilevile, hatukutaka kubagua. Jioni moja akaswaga ng'ombe wa jirani mpaka zizini kwetu, akiwaita kwa majina ya ng'ombe wetu. Huku kwetu ukikutwa na ng'ombe wasio wako huulizwi mara mbili. Majirani walimshukia kwa fimbo; nilimlalia juu ndipo zikakoma.

Daktari wa Mwanza ndiye aliyenifungua macho. Alisema ni ngumi za kichwani. Si ile moja iliyomwangusha, ni zote, hata za mazoezini. Ngozi ya mkono huota sugu, ubongo hauoti. Hapo nikamkumbuka kocha sebuleni kwangu, kikombe changu mkononi, akijisifu mbele ya wageni: "Huyu mura, kijana wangu huyu, nilimrudisha ulingoni hajui hata yuko mji gani, na akashinda!" Wageni walicheka sana.

Kwa hiyo niliposikia kocha yuko Kerende, anawapiganisha vijana waliokuja kutoka mikoani kuchimba dhahabu, sikulia. Nilifua shati jeupe la mume wangu, nikalipiga pasi, tukapanda pikipiki. Nilitaka kocha asipate tena kichwa cha mtoto wa mtu cha kuchezea.

Kocha alitupokea kwa furaha. Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba shujaa amefika. Nikamkalisha shujaa wake kwenye kiti chini kabisa ya ngazi ya ulingo, kwa sababu najua kijana aliyelelewa hawezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia.

Wa kwanza akaja, glavu tayari mikononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani anapigana leo?"

"Mimi, mzee."

"Vizuri. Nani anapigana leo?"

Kijana akacheka, akajibu tena. Mume wangu akauliza tena, kwa adabu ileile, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Kijana akanitazama.

"Mama, huyu ana nini?"

"Alikuwa bondia," nikasema. "Wa kocha huyuhuyu."

Aliingiza kamba ya glavu mdomoni akaifungua kwa meno. Mpinzani wake, aliyekuwa nyuma akisikia yote, naye akavua. Watu wakaanza kupiga kelele. Kocha akaja mbio, jasho linamtiririka, akaninong'oneza nimwondoe mume wangu. Nikamwambia shujaa haondolewi. Sijui kama nimewahi kuona raha kama ile, hata siku ya harusi yangu sikuiona.

Ulingo ulikuwa mtupu, na watu wanadai pambano. Mume wangu alizisikia zile kelele. Kabla sijageuka alikuwa ameshavua shati lile jeupe na kupanda ngazi. Akasimama katikati, ngumi mbele ya uso, anarukaruka.

"Nipo, kocha!" akaita. "Niletee huyo!"

Watu walishangilia. Jamaa mmoja mlevi, mwenye kifua kipana, akaanza kukunja mikono ya shati.

Nilipanda. Nikamwita kwa jina, nikamwita baba watoto, nikamwambia twende nyumbani. Alinitazama kama nilivyomwona akiwatazama wapinzani zamani, akipima ni wapi pa kuanzia. Ngumi ya kwanza ilinipata begani. Ya pili niliiona inakuja, nikainama.

Kocha alikuwa chini, ameshika kamba. Ananingoja. Alijua, na mimi nikajua, kwamba pale Kerende pote kulikuwa na sauti moja tu ambayo mume wangu angeitii.

"Kocha," nikasema, "nakuomba. Mwambie ashuke."

Aliniacha nirudie kumwomba. Kisha akasema, "Mura, shusha mikono," na mume wangu akashusha papo hapo, kama mtoto.

Kocha hajapata tena bondia Kerende, amehama. Hainitoshi. Yale aliyomfanyia mume wangu pengine ningezeeka nikayasamehe. Kunifanya nirudie, hilo nitazikwa nalo.