Nondo za Mjomba

Mimi hupatana hata bei ya kitu nisichotaka kununua. Nyanya nazihesabu sokoni, nikifika nyumbani nazihesabu tena, kwa sababu muuzaji simwamini na mimi mwenyewe sijiamini sana. Kwa hiyo siku mjomba alipotuletea nondo nyumbani kwetu Misugusugu, kila mtu alitegemea ningeruka kwa furaha. Zilikuwa za bure.

Mama alikuwa anajiandaa kumwaga zege juu ya bafu, mahali ambapo tangi la maji lingekaa. Mjomba, kaka yake, alikuwa amebomoa nyumba kuukuu huko Kisarawe, akazichomoa nondo zake na kuzinyoosha kwa nyundo. Kwetu mchango wa mjomba kwenye nyumba ya dada yake haukataliwi. Hata akileta mlango usiofunga, unapokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, injinia. Njoo uone mali."

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na somo la vifaa tulikuwa tumelianza juzijuzi tu. Mwalimu alitueleza kwamba chembe za chuma zimejipanga kwa safu. Ukikikunja, safu zinateleza, na ukizidi kukisumbua zinabanana. Hapo chuma kinakuwa kigumu zaidi, na watu wakisikia kigumu wanachekelea. Kumbe ugumu ule una bei yake: chuma kinapoteza ile hali ya kupinda kabla ya kukatika. Nondo nzima ikizidiwa inalegea, zege linapasuka, unaona, unakimbia. Iliyochoka haikupi nafasi hiyo.

Nikamwambia mjomba hizi haziwezi kubeba tangi.

"Chuma ni chuma," akasema. "Hata mimi nimekunjwa na maisha, mbona nasimama?"

Fundi aliyekuja kumwaga zege akacheka. Nikamwomba akunje moja palepale iliponyooshwa. Akaikunja. Haikukatika. Wakacheka zaidi.

"Nyingine," nikasema.

Ya pili ikafanya nyufa nyembamba kwenye kona, kama za kisigino wakati wa kiangazi.

"Hiyo ni kutu," akasema mjomba.

"Basi ni kutu yenye bahati, imejua pa kukaa."

Mama akanikata jicho. Mjomba akaanza kupatana, na nikajua nimeitoa wapi tabia yangu. Tuweke nusu mpya, nusu zake. Nikakataa. Robo, basi. Nikakataa. Mbili tu, pembeni kabisa, ili dada yake asiseme kaka hakuchangia.

"Mjomba, tangi likianguka halitamwangukia mtu robo."

"Injinia wa mwaka wa kwanza!" akamgeukia mama. "Huyu ukimwacha amalize chuo atatukataza na kulala chini ya paa."

Wasaidizi wa fundi walikuwa wameshachanganya kokoto, mchanga na saruji, wanasubiri maji. Nikaketi juu ya zile nondo. Zilikuwa zimepata jua tangu asubuhi, na sketi yangu ilikuwa nyepesi, lakini sikuinuka. Mama akaniita kwa sauti ile ya utotoni. Sikuinuka. Nikamuuliza swali moja: nani ataoga humo kila siku?

Akalitazama bafu, akamtazama kaka yake, kisha akamwambia fundi achukue mchanganyiko ule akasakafie uani. Pesa za kununua nondo mpya hakuwa nazo.

"Tangi likae chini," akasema.

Mjomba alipakia mali yake bila kunywa chai, akaipeleka Mzenga kujengea zizi la mbuzi. Simu zangu hakuzipokea mpaka mfungo wa mwaka ule ulipokuja ukaisha, na hata hapo aliniita mheshimiwa.

Mama anaoga kwa ndoo mpaka leo. Kila asubuhi anaijaza kwenye lile tangi huku akininung'unikia, kwa sauti ya kunitosha nisikie nikiwa kitandani. Namwacha anung'unike. Bafuni, juu ya kichwa chake kuna bati tu.