Siku Milembe Alipogombania Michembe

Enzi zetu pale Nyahanga, kabla Kahama haijajaa lami na maghorofa, watoto tulikula sahani moja. Ukinogewa na kombolela, mchezo wetu wa kujificha, ukachelewa, unakuta wenzako wanaramba vidole. Kiangazi tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa hadi vikakauka. Mama alivichemsha kwa karanga za kutwanga, na harufu yake ilitufuata hadi kisimani.

Mimi na mdogo wangu Milembe hatukuwahi kumaliza mlo bila kugombana. Nani kachukua kubwa, nani kavuka upande wa mwenzake. Baba alikuwa machimboni Geita, akirudi kwa nadra, kwa hiyo kelele zote zilimwangukia mama.

"Kabula, wewe si ndiye mkubwa?" alinifokea. "Mtanitia wazimu!"

Mwaka mmoja surua ikaingia mtaani. Milembe akalala, macho mekundu, midomo imepasuka, hasemi wala hataki chakula. Mama alimpeleka zahanati, akapewa dawa na kuambiwa asubiri. Siku nne alimbembeleza kwa uji, kijiko kikirudi kimejaa vilevile. Sahani nzima sasa ilikuwa yangu, na kumbe haikuwa na raha yoyote. Nilikula upande wangu tu. Upande wa Milembe sikuugusa.

Siku ya tano, mchana, mama alikuwa uani anapepeta mtama. Mimi nilikaa sakafuni kando ya kitanda cha Milembe na sahani yangu. Njaa ikanishinda. Nikanyoosha mkono upande wake, nikachukua kipande kimoja.

"Mama!" Sauti nyembamba ikatoka chini ya khanga. "Kabula anakula vya kwangu!"

Mama akaja mbio na ungo mkononi, mtama ukimwagika njia nzima. Nikajikinga uso nikingojea kofi.

"Umesemaje, mwanangu?"

"Amechukua kikubwa," Milembe akasema, akaanza kulia.

Mama akapiga magoti palepale. "Mungu wangu," akasema, "wamegombana! Asante, Baba. Wamegombana!" Alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka. Kanisani nilizoea kusikia utukufu wa Mungu ukiimbwa kwa ngoma na vigelegele. Mchana ule niliuona kwa macho yangu: mdogo wangu ametafuna, amemeza, na ameikumbatia sahani nisiiguse tena.

Siku hizi wanangu kila mmoja ana sahani yake na simu yake. Ukiwaita kula wanajibu "nakuja" bila kuinua macho, na chakula kinapoa. Kombolela hawaijui, wao kujificha ni kuzima data. Wageni hunisifu kwamba nina watoto watulivu, nami naitikia tu kwa heshima. Lakini kuna jioni nyumba inakuwa kimya mno, nami natamani mmoja wao aniite kwa ile sauti ya mtoto aliyeonewa, ili niache kila kitu nimkimbilie.